Nani Atasimamia Miti na Maji ya Kiambu?

Mtu atokaye Ruiru mjini akashika njia ya Kiambu, akaingia Gatongora, huona mambo mawili yanayogombania ardhi moja: hapa safu za mibuni zilizonyooka, na juu yake mikima mirefu iliyopandwa zamani ili iipe kivuli, na pale kuta za mawe, malango ya chuma, na mabango ya wauza viwanja yenye bei na nambari za simu. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu wapatao 490,000, na kila mmoja wao yampasa apate mahali pa kulala. Tatu City inajengwa juu ya ekari 5,000 hivi za yaliyokuwa mashamba ya kahawa, na mitaa mingine midogo, isiyo na majina makubwa, inaifuata nyuma. Kilio kisikikacho kila siku ni kwamba ardhi inakwisha, na kilio hicho ni cha haki. Walakini liko jambo la pili linalokwisha pamoja na ardhi, wala halipigiwi kelele katika mikutano ya wadi, nalo ni watu waliofunzwa kuisimamia ardhi hiyo, na miti yake, na maji yake, na wale watokao jasho juu yake.

Ninaposema kusimamia, sikusudii kukaa ofisini na kutia sahihi. Nakusudia kazi ya mtu anayekabidhiwa ekari mia tatu za mibuni, au msitu wa misonobari mlimani, au vidimbwi kumi vya samaki, kisha mwisho wa mwaka akaulizwa amepokea nini, ametumia nini, amevuna nini, na amemwachia nini atakayemfuata. Hiyo ni amana kubwa, tena ni kazi ambayo kijana wa Gatongora haambiwi habari zake asilani. Akiwa darasani huambiwa asome asije akashika jembe. Akihitimu hutafuta kiti katika benki au katika duka la simu huko Nairobi. Na akirudi nyumbani mikono mitupu huihesabu kazi ya shamba, ya msitu au ya kidimbwi kuwa ndiyo adhabu ya kushindwa kwake. Siwalaumu wazazi wanaomfundisha hivyo, maana wao na wazazi wao waliijua kazi hiyo kwa upande wa chini tu, upande wa panga na debe, na huko chini hakutokea mtu wa kuwaonyesha njia ya kupandia.

Njia hiyo haikuwako, na kutokuwako kwake kulikusudiwa. Mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru na Thika yalianzishwa na walowezi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, yakapangwa kwa matabaka: juu meneja wa Kizungu katika nyumba yake yenye veranda, katikati karani na fundi, aghalabu Mhindi, na chini nyapara Mwafrika pamoja na vibarua waliobeba shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni. Mwafrika wa nyanda hizi alizuiliwa kwa miaka mingi asilime kahawa yake mwenyewe, mpaka vizuizi vilipolegezwa, hasa kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954; seuze kusimamia kahawa ya mwingine. Na hapa pana jambo ambalo naona hatujalitafakari vya kutosha: mlowezi yuleyule aliyemzuia nyapara asipande cheo alijua vizuri sana jinsi meneja anavyotengenezwa. Mwaka 1939, huko Njoro, Lord Egerton wa Tatton alianzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu, na shule hiyo ilikuwa shule ya shambani, ambamo mwana wa mlowezi alijifunza kwa mikono yake kabla hajakabidhiwa mali ya mtu. Tulipopata Uhuru tuliirithi nyumba ya meneja, tukairithi na shule ya Njoro, ambayo leo ni chuo kikuu. Lakini ile hekima ya kumpitisha mwanafunzi matopeni kwanza ilituponyoka kidogo kidogo, na yale matabaka tukabaki nayo.

Nawaomba wasomaji wamtazame kwa karibu nyapara hodari katika msimu wa kuchuma. Alfajiri, kabla ya umande kukauka, yeye amekwisha kupita kati ya safu na kukisia kwa jicho ni madebe mangapi yaliyoiva katika kipande kile, maana akiita wachumaji wachache matunda yatapitiliza kuiva na kudondoka, na akiita wengi mno watatafuta cha kujazia debe na kuyakwanyua mabichi. Alasiri kila mchumaji humwaga matunda yake juu ya gunia, akayachambua, mekundu upande huu, mabichi na yaliyokauka na yenye ugonjwa upande ule. Kisha nyapara huyapima kwa debe, na hapo ndipo penye ugomvi wa kila siku, debe lijazwe mpaka ukingoni au lirundikwe, na yeye ndiye wa kuamua mbele ya akina mama ambao ujira wao wa siku nzima unakaa katika lile rundo la juu. Ni lazima matunda yafike kiwandani siku hiyohiyo yakamenywe, kwani yakilala katika gunia huchacha, na kahawa ya daraja la kwanza ikawa ya daraja la mwisho kwa usiku mmoja. Juu ya hayo yote yeye ndiye wa kwanza kuiona kutu katika majani, na chulebuni linaloyageuza matunda machanga kuwa meusi. Na yeye ndiye ajuaye kipande gani cha bondeni hushikwa kwanza mvua zinapoanza, kwa hiyo mrututu unyunyizwe huko kabla ya kwingine.

Mtu huyo, katika siku moja, amekadiria mavuno, amewagawa wafanyakazi, amehukumu daawa, amelinda ubora wa bidhaa, na amefanya upelelezi wa maradhi. Kazi hizo zikiandikwa katika tangazo la gazeti huitwa usimamizi, na mshahara wake huwa mnono. Yeye lakini huzifanya kwa miaka ishirini na mitano akiwa nyapara, akastaafu nyapara, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha daftari la gharama, wala mkataba wa wafanyakazi, wala jinsi bei inavyopatikana mnadani Nairobi. Na meneja anayeletwa juu yake, kijana mwenye shahada na nia njema, huwa hajapata kupima debe hata moja. Wawili hao wanaishi katika shamba moja, kila mmoja ana nusu ya elimu anayoihitaji mwenzake, na hakuna taratibu iliyowekwa ya kubadilishana nusu hizo.

Hapa Ruiru petu pana ushahidi wa jinsi elimu ya juu isivyoweza kuiacha mikono nyuma. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko katika shamba la Jacaranda ndipo ilipozaliwa aina iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili chulebuni na kutu pia. Aina hiyo inasifiwa kwa majina ya wanasayansi, na wanastahili. Lakini mbegu yake ni chotara ambayo hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na ni lazima awepo mtu wa kuliandaa ua dogo jeupe kwa ncha za vidole, kulifunika lisiingiwe na chavua ya kigeni, kisha kulipaka chavua iliyochaguliwa, ua baada ya ua, katika siku chache ambazo mbuni umechanua. Mkono ukitetemeka au mfuniko ukilegea, hesabu yote ya mtaalamu imebatilika. Nchi iliyovuna kahawa takriban tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 leo huvuna chini ya nusu yake. Na ijapokuwa sababu ni nyingi, zikiwamo kuvunjika kwa mapatano ya kimataifa ya bei mwaka 1989 na uongozi mbaya wa vyama vya ushirika, mimi naamini kuwa tulipoteza pia tabaka zima la watu wa kati waliojua kuunganisha maabara, daftari na safu ya mibuni.

Sasa tupande mlimani, maana maji ya Thika hayaanzii Thika. Mto Kimakia hutoka katika misitu ya kusini mwa milima ya Nyandarua, ukaingia Chania. Nao Thika hupita bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994, ambalo Nairobi hulitegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Na Chania na Thika hukutana chini ya mji wa Thika karibu na yale maporomoko ambayo hoteli ya Blue Posts imeyatazama tangu 1908. Katika mito hiyo ya juu, yenye maji baridi, wako samaki aina ya trauti walioletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne iliyopita, na trauti hawezi kuishi pasipo kivuli cha msitu, kwa kuwa maji yakipata joto au tope hufa. Basi msimamizi wa kituo cha msitu huko juu, apende asipende, ni msimamizi wa samaki, na wa mabomba ya Nairobi, na wa viwanda vya Thika. Akiacha mteremko uchi msimu mmoja, tope lake hufika mbali.

Idara ya Misitu iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1922, katika wilaya hii hii ya Kiambu, Mwingereza Richard St. Barbe Baker, akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, aliwakusanya vijana wa Kikuyu wakaunda chama kilichoitwa Watu wa Miti, wakaahidi kupanda na kutunza. Chuo cha misitu cha Londiani kilifunguliwa mwaka 1957, nacho ndicho kilichowafunza Waafrika wengi walioshika vituo baada ya Uhuru. Shahada ya misitu ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 wakati chuo hicho kilipoanza. Taasisi ya utafiti wa misitu ikasimikwa Muguga mwaka 1986. Na Huduma ya Misitu ikachukua mahali pa idara ya zamani kwa sheria ya mwaka 2005. Vyuo basi tunavyo, na vyeo vimepangwa, kuanzia askari wa msitu mpaka mhifadhi mkuu. Tatizo liko katika kipimo cha muda. Msaipresi hupandwa leo ukakatwa baada ya miaka thelathini hivi, na katika miaka hiyo hutaka kupogolewa matawi ya chini usije ukawa na mafundo, na kupunguzwa mara kadhaa ili iliyobaki inenepe. Afisa anayehamishwa kila baada ya miaka michache, na ambaye kupandishwa cheo kwake hutegemea makaratasi aliyoyapata mbali na kituo, hapati kuona matokeo ya uamuzi wake hata mmoja. Huipogoa miti ambayo mwingine aliipanda vibaya, akaiacha apunguze mwingine, na hesabu ya mwisho haimwangukii mtu.

Hilo lilidhihirika mwezi wa Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli, mito ilikuwa imekauka, na kikosi kazi kilichoundwa kilieleza wazi habari za ufisadi katika utoaji wa miti. Lakini marufuku ile, ambayo serikali haikutangaza kuiondoa mpaka mwaka 2023, ilikuwa kukiri kwamba hatukuwa na wasimamizi tunaoweza kuwaamini kutenganisha mti uliofika wakati wake na mti usiofika. Viwanda vya mbao vikafungwa, watu wakapoteza riziki, na miti iliyopita umri ikasimama ikioza kwa ndani, huku mafundi wa Ruiru na Thika wakitafuta mikima katika mashamba ya watu binafsi na mbao za kutoka Tanzania. Palipo na msimamizi mwema, msumeno ni chombo cha kutunza msitu. Asipokuwapo, sheria haina budi kuufungia msumeno kabatini.

Na sasa tumeambiwa kwamba ifikapo mwaka 2032 Kenya iwe imepanda miti bilioni 15, na eneo lenye miti lipande kutoka asilimia 12 na kidogo iliyohesabiwa mwaka 2021 mpaka asilimia 30. Mimi ni mmoja wa wanaoliunga mkono kusudi hilo kwa dhati. Lakini miti bilioni 15 katika miaka kumi ni bilioni moja na nusu kila mwaka, na mche hautunzwi na siku ya sherehe. Unatunzwa na mtu aliyeajiriwa kuurudia katika kiangazi cha kwanza, akaupalilia, akaulinda na mbuzi, akaandika katika daftari ni mingapi iliyokufa na kwa nini. Nimesikia hotuba nyingi juu ya idadi ya miche. Ningependa kusikia moja juu ya idadi ya wasimamizi.

Tulipata somo hilo kwa gharama kubwa katika samaki. Mwaka 2009, chini ya Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na eneo la mita mraba 300 hivi, na mpango ukaja kupanuliwa zaidi. Vijana wakalipwa ujira wakachimba. Vifaranga na chakula cha kwanza vikatolewa. Na watu wa bara, ambao wengi wao hawakuwa wala samaki, wakaanza kununua tilapia sokoni. Ufugaji wa samaki nchini ukapanda hata ukafika tani 24,000 hivi mwaka 2014. Baadaye msaada ulipokwisha idadi ikaporomoka, na vidimbwi vingi vikageuka kuwa mashimo ya vyura na magugu. Wengi husema ilikuwa ni bei ya chakula, au samaki wa kugandishwa kutoka China, na maneno hayo yana ukweli. Mimi nasema kwamba tulichimba mashimo maelfu kwa maelfu tukasahau kuwaandaa watu wa kuyasimamia.

Kidimbwi ni kitu chenye siri. Tilapia dume na jike wakiwekwa pamoja huanza kuzaana wakiwa na miezi mitatu tu au karibu na hapo, na baada ya miezi sita mwenye kidimbwi hukuta ana samaki maelfu walio sawa na kidole, wote wamegawana chakula cha wachache. Ndiyo maana mfugaji ajuaye hununua vifaranga madume watupu kutoka kwa mtotoleshaji anayemwamini, na kuamini huko ni elimu kwa nafsi yake. Chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama zote, kwa hiyo kumwaga konzi mbili zaidi kila siku kwa kudhania huruma ni kumwaga faida, na mabaki yake huoza chini yakayachafua maji. Tena maji yaliyorutubishwa mno huwa ya kijani kwa vijimea, ambavyo mchana hutoa hewa lakini usiku huitumia, hata karibu na alfajiri hewa ikapunguka kabisa na samaki wakapanda juu, vinywa wazi, wakipapia. Ajaye saa mbili asubuhi hukuta maji yametulia na kila kitu ki salama, au hukuta samaki wanaelea wamekufa, wala hajui kwa nini. Ajaye saa kumi na moja alfajiri huiona hatari siku tano kabla, akapunguza chakula na mbolea, akafungulia maji mapya. Tofauti ya watu wawili hao ni saa tatu za asubuhi, na mafunzo ya msimu mmoja chini ya mtu aliyekwisha kupoteza kidimbwi chake.

Kwenye pwani yetu uko mfano wa kutupa moyo. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi yetu ya bahari na uvuvi, walianzisha mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zipatikanazo hujadiliwa na kijiji, zikaenda katika maji na shule. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Equator. Wavuvi na akina mama waliokuwa wakihesabiwa kuwa wakataji wa boriti wamejifunza kupima shina la mkoko, kuandika hesabu ambazo mkaguzi wa nchi za mbali huzipekua, kuitisha mkutano na kujibu maswali ya jirani zao. Hawakungoja kuletewa meneja. Walitengenezwa kuwa mameneja palepale walipokuwa, na watafiti waliokubali kukaa nao miaka mingi. Sioni sababu ya jambo lililowezekana katika matope ya Gazi lishindikane katika ardhi nyekundu ya Gatongora.

Ni haki pia kusema wazi habari za wanawake. Katika mashamba ya kahawa wachumaji wengi ni wao, na wanyapara wengi ni wanaume. Profesa Wangari Maathai alipoanza kazi ya Green Belt Movement mwaka 1977 aliwaendea akina mama wa vijijini ambao hawakuwa na cheti chochote cha misitu, akawafundisha kukusanya mbegu, kuotesha, kuhesabu na kupokea malipo kwa mche uliopona. Huo ulikuwa usimamizi kamili, wenye kipimo na ujira. Lakini hata leo mama aliyeendesha kitalu cha miche 50,000 kwa miaka kumi hawezi kuomba kazi ya kusimamia kitalu cha serikali, kwa kuwa fomu yamtaka aambatishe stashahada.

Basi kijana wa huku akiniuliza jinsi ya kujenga maisha katika kazi hizi, ningemwambia aanze mahali ambapo mzunguko mmoja wa kazi unaweza kuonekana wote kabla hajachoka: kidimbwi cha miezi minane, au kitalu cha mwaka mmoja, au msimu mzima wa kahawa tangu maua mpaka malipo. Akae humo kama msaidizi, si kama mgeni wa wiki mbili anayetafuta muhuri wa chuo. Katika mzunguko wa pili aombe kushika daftari, kwa maana mtu asiyejua gharama ya debe, ya mche na ya kilo moja ya samaki atakuwa mtumishi wa anayejua. Kisha asome sheria zinazomhusu: ile ya misitu na ile ya uvuvi, zote mbili za mwaka 2016, na za kazi, na kibali kinachotakiwa ili mti wa shambani ukatwe na kusafirishwa, ambacho kwa katiba yetu mpya ni jambo la kaunti pia. Mengi huharibika katika kazi hizi kwa kutojua karatasi moja. Na katika yote ajifunze kuwasemesha watu kwa adabu. Kibarua aliyetukanwa asubuhi hulipiza kisasi jioni juu ya mti mchanga, na hakuna askari awezaye kulinda miti laki moja.

Mwenye shahada naye asidhani namshusha. Nataka apewe kile alichonyimwa, yaani miaka miwili ya kuwa chini ya nyapara mwenye sifa, akiwa na mshahara na akiandikwa alama na nyapara huyo, kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa ofisi. Daktari hupitishwa wodini kabla ya kuachiwa mgonjwa, wala hatuoni kuwa amedhalilishwa.

Kwa wenye madaraka maneno yangu ni machache. Nchi imekwisha kuikubali sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya mamlaka ya sifa za elimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Linalobaki ni kuifikisha hapa. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, mwendo mfupi kutoka Gatongora, kina walimu wa kilimo na wa hesabu, na mashamba makubwa yaliyobaki yana wanyapara. Darasa la jioni la miezi sita juu ya gharama, mikataba na mipango ya mwaka, likifundishwa kwa Kiswahili na kumalizika kwa mtihani unaotambuliwa, lingegharimu kidogo kuliko sherehe moja ya kupanda miti. Kadhalika wajenzi wa miji mipya waliochukua nafasi ya kahawa watahitaji watu wa kutunza miti ya barabarani, mabwawa ya maji ya mvua na kingo za mito inayopita katika viwanja vyao, na wengi wao huleta kampuni za bustani kutoka Nairobi, ilhali nje ya ukuta wamekaa watu waliozaliwa katika ardhi hiyo, wanaoijua kila chemchemi yake. Kaunti inapotoa vibali vya ujenzi ina uwezo wa kuweka sharti kwamba usimamizi wa maji na miti upewe watu wa wadi waliopita katika darasa hilo.

Na bodi ya utumishi ya kaunti itakapotangaza tena nafasi za kusimamia vitalu, misitu ya kaunti au vituo vya samaki, ningeiomba ibadilishe mstari mmoja tu katika tangazo: palipoandikwa shahada, paandikwe shahada au miaka kumi ya kazi iliyothibitishwa, na wote wawili, mhitimu na nyapara, wapelekwe siku moja shambani mbele ya wachunguzi, wapewe kipande kimoja cha mibuni na kidimbwi kimoja, waambiwe waeleze wanachokiona, gharama yake ni nini, na kesho alfajiri watafanya nini kwanza.